Somo la 23: Ahadi ya Miezi Mitatu

Namna ya kuacha pombe na bangi, na kudumu katika kuacha



Katika somo lililopita tulieleza madhara ya ulevi. Leo hatutayarudia, maana mlevi mwenyewe ayajua kupita sisi. Ameona shamba lake limeota magugu. Amewaona watoto wake wamerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada. Amesikia mke wake akilia usiku. Hakosi kujua ubaya wa pombe. Akosa njia ya kutoka. Tena wengi wa walevi wamekwisha kuacha pombe, wala si mara moja, bali mara tano au mara kumi. Waliapa mbele ya wazee, waliapa penye kaburi la mama, waliapa siku ya Pasaka. Na kabla mwezi haujaisha walikuwa wamerudi penye kibuyu. Ndipo majirani husema: «Mlevi haponi.» Naye mlevi, akilisikia neno hilo kila siku, mwishowe hulisadiki.

Neno hilo si kweli. Walevi wengi wamepona, na leo twataka kueleza walivyopona. Yafaa tujue kwanza kwamba kuacha pombe ni jambo moja, na kudumu katika kuacha ni jambo jingine. Kwa kuacha, moyo wa siku moja watosha. Kwa kudumu, mtu ahitaji mpango. Mtu anayetaka nyumba haanzi kwa kusimama uwanjani na kutamani. Ahesabu nguzo, atafuta nyasi, aita rafiki wa kumsaidia, tena afikiri mvua itatoka upande gani. Anayetaka kuwa mtu asiyelewa afanye vivyo hivyo.

I. Mchukuzi wa matofali

Katika nchi ya Ayalandi, huko Ulaya, kulikuwa na mtu jina lake Matt Talbot. Alizaliwa katika mji wa Dublin tarehe 2 Mei 1856, katika nyumba ya maskini yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa mnywaji, na ndugu zake wengi vilevile. Alipopata miaka 12 hivi alianza kazi kwa wafanya biashara waliokuwa wakitia bia katika chupa. Kijana akaanza kuonja mabaki. Baadaye alifanya kazi katika ghala za bandari zilimowekwa vileo vikali, kisha akawa kibarua wa waashi, akiwachukulia matofali. Kazini alikuwa hodari, wala hakuna aliyemlaumu kwa uvivu. Lakini mshahara wake wote aliupeleka penye nyumba ya pombe. Fedha zilipokwisha alikopa. Alipokosa mtu wa kumkopesha aliweka rehani viatu vyake. Hata siku moja yeye na wenzake walimwibia maskini mmoja aliyekuwa akipiga fidla njiani ili apate chakula. Wakauza chombo chake, wakanywa.

Hivyo ndivyo alivyoishi mpaka umri wa miaka 28. Mwaka 1884 ilitokea kwamba Matt hakufanya kazi juma zima, basi hakuwa na fedha. Siku ya Jumamosi, ndiyo siku ya mshahara, alisimama karibu na nyumba ya pombe akiwangoja wenzake. Alisadiki kwamba watamwita, maana yeye alipokuwa na fedha aliwanywesha mara nyingi. Wakapita, wakamsalimu, wakaingia. Hakuna aliyemwita. Matt akaumia sana moyoni. Akarudi nyumbani mapema, asipolewa, hata mama yake akashangaa. Akamwambia mama yake kwamba ataka kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama, aliyemjua mwanawe, akamwonya asiiweke ikiwa hana nia ya kuishika.

Matt akaenda kwa padri, akaungama, akaweka ahadi. Sasa sikilizeni vizuri. Aliahidi muda gani? Hakuahidi maisha yote. Aliahidi miezi 3. Miezi hiyo ilikuwa migumu kwake kupita tunavyoweza kueleza. Ilipokwisha akaongeza muda mwingine, na mwishowe akaahidi kwa maisha yote. Alikufa njiani akienda kwenye Misa, tarehe 7 Juni 1925, akiwa kibarua maskini kama zamani. Kwa muda wa miaka 41 hivi hakuonja tena pombe. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitangaza kwamba mchukuzi huyu alizishika fadhila za Kikristu kwa ushujaa, nayo ni hatua mojawapo katika njia ya kuhesabiwa na Kanisa kati ya watakatifu.

II. Kwa nini hamu hurudi

Nchi ile ya Ayalandi ilikuwa imekwisha kuviona viapo vingi. Tangu mwaka 1838 Padri Theobald Mathew wa mji wa Cork alizunguka akihubiri kuacha pombe, na makundi makubwa sana ya watu waliahidi pamoja mbele yake. Ilikuwa kazi njema, na kwa miaka kadhaa ulevi ulipungua. Lakini ikaja njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, nchi ikafadhaika, na Padri Mathew akafa mwaka 1856, ndio mwaka aliozaliwa Matt Talbot. Wengi walirudia pombe. Siku ya kiapo mtu alikuwa pamoja na maelfu; siku ya majaribu alikuwa peke yake.

Waganga wa siku hizi waeleza kwa nini kiapo cha siku moja hakitoshi. Ubongo wa mtu hujifunza. Mbwa aliyezoea kupewa mfupa penye mlango wa jikoni, hata miezi mingi ikipita, akifika pale huinua pua. Vivyo hivyo mwili wa mlevi umejifunza kwamba jua likishuka ni saa ya kibuyu. Kwamba siku ya mshahara ni siku ya pombe. Kwamba penye matanga na penye mahari watu hunywa. Mtu akiacha pombe, mafunzo hayo hayafutiki, yalala tu. Akipita mahali pale, saa ileile, pamoja na watu walewale, yaamka, naye huona hamu kali ya ghafla, hata kama asubuhi aliomba kwa machozi.

Basi, mtu akiona hamu, asidhani kwamba ahadi yake ilikuwa ya uongo, wala kwamba amerogwa. Mwili wake wakumbuka, ndiyo sababu. Tena ajue kwamba hamu ni kama mvua ya radi: yaja kwa nguvu, lakini hainyeshi siku nzima. Asipoilisha, mara nyingi hupungua kabla ya nusu saa kwisha. Hekima ya mpango ni hii: kuyaepuka yale yanayoiamsha hamu, na kujua mapema utakalofanya katika ile nusu saa.

III. Pitia kwanza kwa mganga

Kabla ya kueleza mpango, lazima tuonye juu ya hatari moja, maana watu wamekufa kwa kutoijua.

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, hasa anayekunywa lutuku na vileo vingine vya kutonesha, asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili wake umezoea kileo. Saa chache baada ya kukikosa, mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, usingizi hukimbia. Katika siku mbili za kwanza wengine huanguka kwa degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huona wadudu au watu wasiokuwapo, hupiga kelele, hupata homa, hupotewa na akili, na baadhi yao hufa. Jamaa wakiona hayo hukimbilia mpiga ramli, wakisema ni pepo au ni uchawi wa jirani. Si pepo wala si uchawi. Ni ugonjwa unaojulikana, na hospitali zina dawa ya kuutuliza.

Mnaweza kumtambua aliye katika hatari hiyo. Ni yule ambaye asubuhi mikono yake hutetemeka, wala haitulii mpaka anywe. Au ambaye zamani, alipoacha, alipata degedege. Huyo apelekwe kwanza kwenye dispensari au hospitali, aseme kweli anakunywa kiasi gani, na mganga amwongoze siku za kwanza. Tena mwili wa mlevi huwa umekosa vitamini, hasa ile iitwayo B1, na upungufu huo huweza kuharibu akili. Mganga anajua namna ya kuitoa.

Kuacha bangi kwa kawaida hakuleti hatari hiyo, lakini huleta hasira, usingizi mbaya na kukosa hamu ya chakula, mara nyingi kwa majuma mawili hivi. Aliye nyumbani naye astahimili, akijua kwamba hali hiyo itapita. Na wale waliozoea afyuni au vidonge vikali vya kutuliza maumivu wajue jambo hili: mtu akiacha kwa majuma kadhaa, mwili wake husahau kuvihimili. Akirudi na kutwaa kipimo chake cha zamani, pumzi yaweza kukatika, akafa.

IV. Mpango wenyewe

Sasa tueleze mpango. Una mambo sita. Anayejua kuandika ayaandike. Asiyejua ayaseme mbele ya mtu anayemwamini, maana neno lililosemwa mbele ya shahidi hushika kupita neno lililofikiriwa tu.

Jambo la kwanza ni muda. Usianze na neno «milele». Milele ni mzigo ambao mtu anayetetemeka hawezi kuutwika kichwani. Fanya kama yule mchukuzi: weka muda wenye mwisho, kwa mfano miezi mitatu, na ndani ya miezi hiyo hesabu siku moja moja. Asubuhi sema: «Leo sinywi.» Kesho utasema tena. Muda ukiisha, usifanye karamu ya kuaga ahadi. Nenda siku hiyohiyo ukaongeze muda mwingine.

Jambo la pili ni njia na saa. Jiulize: hamu hunijia wapi, saa gani, nikiwa na nani? Kila mtu ana majibu yake. Mmoja ataja njia ya soko, mwingine jioni ya Dominika baada ya Misa, mwingine siku ya mshahara, mwingine kila anapogombana na mkewe. Ukiisha kuyajua, badili njia. Ikiwa nyumba ya lutuku iko kati ya shamba lako na nyumba yako, pitia upande wa mto, hata kama ni mbali zaidi. Matt Talbot, saa wenzake walipoingia penye pombe, alikuwa akitembea kwenda katika kanisa lililo mbali, akakaa humo mpaka saa ya hatari ipite.

Hapa tuseme wazi juu ya nyumba ambamo lutuku hutoneshwa. Tunajua mama wengi hawaifanyi kwa kupenda ulevi. Waifanya kwa sababu mapipa yale ndiyo yanayolipa ada ya shule na dawa ya mtoto. Lakini mume hawezi kupona ikiwa anaamka na kulala karibu na pipa. Basi baba asiseme tu «acheni kutonesha», huku akiwaachia wengine njaa. Mume na mke wakae pamoja wahesabu: pipa latuletea franka ngapi kwa mwezi? Tutazipata wapi? Je, kwa mawese, kwa sabuni, kwa mikate, kwa mihogo ya shamba ambalo baba sasa atalilima kwa mikono yake miwili? Fedha alizokuwa akizinywa nazo zihesabiwe, maana mara nyingi ndizo nyingi kuliko zote. Mpango usiohesabu chakula cha watoto hautadumu.

Jambo la tatu ni fedha mkononi. Yasimuliwa kwamba Matt, katika siku zile za kwanza, aliingia siku moja katika nyumba ya pombe, akasimama akingoja, wala mwenye nyumba hakumhudumia. Akatoka. Akaazimu tangu siku hiyo kutochukua fedha mfukoni. Hakujiona mwenye nguvu. Alijua udhaifu wake, akauwekea ua. Nawe, mshahara ukitoka, au kahawa ikiuzwa, mke wako au dada yako au mama yako awepo penye malipo, apokee mbele ya macho yako. Si aibu kwa mwanamume. Aibu ilikuwa zamani, mshahara ulipofika nyumbani umekwisha.

Jambo la nne ni mwenzi. Mwaka 1935 mfanya biashara mmoja wa Marekani, jina lake Bill Wilson, alikuwa safarini katika mji wa Akron. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Shughuli zake ziliharibika, akawa peke yake katika hoteli, na karibu naye watu walikuwa wakinywa na kucheka. Akatambua kwamba, akibaki peke yake, atakunywa. Akapiga simu huku na huku, akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Wakamkutanisha na mganga Robert Smith, mlevi wa miaka mingi. Mganga huyu alizijua dawa, aliyajua madhara yote ya pombe katika mwili, na elimu yake haikuwa imemponya. Wakazungumza saa nyingi, kila mmoja akieleza maisha yake bila kumhukumu mwenziwe. Kutoka katika mazungumzo hayo kilizaliwa chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, cha walevi wanaosaidiana, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi.

Kijijini kwenu huenda chama hicho hakipo. Lakini je, hakuna watu wawili wanaotaka kuacha? Wawili watosha kuanza. Wapatane mahali na siku, kwa mfano kila Jumatano jioni nyumbani kwa katekista. Kila mmoja aseme juma lake lilikwendaje. Na hamu ikimjia mmoja usiku, awe na ruhusa ya kubisha mlango wa mwenziwe, saa yoyote.

Jambo la tano ni saa tupu. Pombe ilikula saa nyingi za mtu. Akiiacha, saa hizo zabaki wazi kama shimo, naye asipozijaza ataangukia humo. Matt Talbot alikuwa na elimu ndogo sana. Saa za jioni alizitumia kujifunza kusoma vizuri, akasoma vitabu akiwa mtu mzima. Mwaka 1890 aliingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, akapata ndugu wengine. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa kwenye Misa. Wewe nawe chagua kabla ya jioni kufika: kusuka vikapu, kumsaidia mtoto hesabu zake, kwaya, bustani ya mboga, kumtembelea mgonjwa. Lisiwe neno la jumla, kama vile «nitafanya kazi». Sema kazi gani, saa gani, wapi.

Jambo la sita ni madeni. Mtu asiyelewa tena huamka na kukumbuka aliowakosea, na kumbukumbu hiyo yaweza kumrudisha kwenye pombe ili asahau. Njia ya kuituliza ni kulipa. Matt alizunguka akilipa madeni yake kidogo kidogo. Yule mpiga fidla alimtafuta kila mahali mjini. Asipompata, alitoa fedha ili Misa zisomwe kwa ajili yake. Andika majina ya wale unaowiwa. Anza na deni dogo kuliko yote. Deni la ng’ombe huwezi kulilipa mwezi huu, lakini deni la kuku waweza, na siku utakapolilipa utainua kichwa.

V. Penye karamu

Wengi watauliza: «Nami nitafanyaje penye mahari au matanga? Kwetu kuikataa pombe ni kuukataa undugu.» Ni swali la haki. Katika vijiji vyetu kasiksi haikuwa kinywaji tu; ilipatanisha watu, ikafunga maneno ya ndoa. Kwa hiyo jibu lako liwe tayari kabla hujatoka nyumbani, maana penye kibuyu hakuna nafasi ya kufikiri. Sema kwa heshima, na mapema: «Wazee wangu, undugu wenu naupokea kwa mikono miwili. Pombe imenigeukia sumu. Nipeni maji, niyanywe pamoja nanyi.» Maneno hayo hayamtukani mtu. Nenda pamoja na mwenzi wako wa Jumatano, na baada ya mambo makubwa kwisha, rudini nyumbani kabla ya giza. Katika miezi mitatu ya kwanza, karamu ambayo si ya lazima usiende.

VI. Siku ya kuanguka

Sasa twafika penye jambo ambalo viapo vya zamani vililisahau. Itakuwaje akianguka?

Yule mganga Robert Smith, baada ya kuonana na mwenzake na kuacha pombe, alisafiri kwenda kwenye mkutano wa waganga. Huko akanywa sana. Majuma machache tu yalikuwa yamepita. Aliporudi hakufukuzwa. Rafiki yake alimtunza mpaka akapata nguvu, naye akanywa mara ya mwisho mwezi wa Juni 1935. Hakunywa tena mpaka kufa kwake mwaka 1950, na katika miaka hiyo aliwasaidia walevi wengi mno.

Kama siku ile ya kurudi wangalimwambia «tulijua, mlevi haponi», ni walevi wangapi wangalikosa msaada?

Kwa hiyo, katika mpango wako, weka pia siku ya kuanguka. Si kwa kuingoja, bali ili isikukute bila njia. Amua leo: nikinywa kikombe kimoja, sitasema «nimekwisha kuharibika, na ninywe mtungi». Nitakiweka chini. Nitamwambia mwenzi wangu siku ileile, kabla jua la pili halijachomoza. Nitatafuta tundu lilipokuwa katika ua wangu: ilikuwa njia gani, saa gani, fedha za nani? Nitaliziba. Nami nitaanza kuhesabu siku upya. Ikiwa alirudi kunywa kwa siku nyingi mfululizo, apite tena kwa mganga kabla ya kuacha.

Na asikae mbali na Kanisa kwa aibu. Huko China kulikuwa na mganga Mkristu, Marko Ji Tianxiang. Alitwaa afyuni ili kutuliza ugonjwa wa tumbo, nayo ikamfunga. Alijaribu kuacha, akashindwa, akaungama tena na tena dhambi ileile, mpaka padri wake akaona kwamba hatubu kweli, akamnyima sakramenti. Miaka 30 hivi alikaa bila kupokea Komunyo, lakini hakuacha kuja kusali. Mwaka 1900, Wakristu walipodhulumiwa, aliuawa kwa ajili ya imani pamoja na jamaa yake, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Siku hizi ugonjwa huo wafahamika vizuri zaidi, nayo Katekismu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mazoea yaweza kupunguza hatia ya mtu. Basi, kabla ya kumhukumu jirani aliyeanguka mara ya saba, mkumbukeni Marko.

VII. Neno kwa jamaa na majirani

Wake wapenzi, na mama, na ndugu: mpango huu si wa mlevi peke yake. Msimtukane kwa makosa ya zamani siku anayorudi na macho meupe. Msimfichie madeni, wala msimlipie pombe ili muwe na amani ya usiku mmoja. Akitishia kupiga, mwondoke pamoja na watoto mkalale penye usalama. Kustahimili hasira ya majuma machache si kustahimili fimbo. Nanyi wazee, mnapogawa kasiksi, msimcheke anayeomba maji. Wenzake Matt walimsaidia bila kujua siku walipompita bila kumwita. Ninyi msaidieni mkijua.

Maswali na majibu

1. Kuacha pombe na kudumu katika kuacha, je, ni jambo moja?
Sivyo. Kuacha kwahitaji moyo wa siku moja. Kudumu kwahitaji mpango.

2. Nani apaswa kwenda kwa mganga kabla ya kuacha pombe?
Yule aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, hasa anayetetemeka asubuhi, au aliyepata degedege alipoacha zamani.

3. Matt Talbot aliweka ahadi ya kwanza ya muda gani?
Ya miezi mitatu. Ndipo akaongeza, na mwisho akaahidi kwa maisha yote.

4. Mambo sita ya mpango ni yapi?
Muda, njia na saa, fedha, mwenzi, saa tupu, na madeni.

5. Hamu ikija, tufanye nini?
Tuondoke mahali pale, tumtafute mwenzi, tushike kazi tuliyoichagua, mpaka nusu saa ipite.

6. Aliyeanguka afanye nini?
Aweke kikombe chini, amwambie mwenzi wake siku ileile, azibe tundu, aanze kuhesabu siku upya.

Kazi ya juma hili

Kila aliye na jamaa au jirani anayesumbuliwa na pombe au bangi, aende kwake asubuhi, saa ambayo hajanywa bado. Asimhubirie. Amsimulie habari ya mchukuzi wa matofali wa Dublin, kisha amwulize swali moja tu: «Ndugu yangu, hamu hukujia saa gani, na wapi?» Akijibu, mpango umekwisha kuanza.

Kwa herini, Wakristu wapenzi. Mungu awape nguvu ya siku ya leo. Na kesho tutaiomba tena.